Sauti ya Magogoni

Mjini Las Vegas anayeigwa kuliko wote ni Elvis Presley. Alifariki mwaka 1977, na hadi leo wapo watu wanaojipatia riziki kwa kuvaa suti nyeupe kama yake, kuchana nywele kama yeye na kufungisha ndoa za wageni huku wakiimba kwa sauti yake. Kwingine duniani utakutana na akina Michael Jackson, Marilyn Monroe na Charlie Chaplin, wote watu wa muziki na sinema. Hapa Dar es Salaam mambo yamekaa vingine. Mwombe kijana yeyote mwenye kipaji cha kuiga, awe wa jukwaani au wa kijiweni Mtaa wa Msimbazi, akupe sauti moja tu anayoimudu vizuri. Mara nyingi hatakupa mwanamuziki. Atakupa Rais.

Nimefundisha vijana uigizaji kwa muda mrefu, na naona jambo hili linachukuliwa kijuujuu. Tunadhani anayeigwa sana ni yule anayependwa sana au anayejulikana sana. Ingekuwa hivyo, Diamond Platnumz angewaacha wote mbali. Wafuasi wake mitandaoni ni mamilioni, nyimbo zake zinapigwa kutoka Kariakoo hadi Kinshasa, lakini wanaomwiga huishia kwenye mavazi, mikufu na mitindo ya kucheza. Ni wachache wanaoiga anavyoongea. Kwa maoni yangu, anayeigwa zaidi ni mtu ambaye neno lake linaweza kukutoa ulipo: likakusimamisha, likakutisha, likakupa kazi, likakufanya ufungue pochi. Umaarufu kazi yake ni kumfanya atambulike haraka. Mwigaji, awe mchekeshaji au tapeli, anachoazima ni ule uzito wa neno.

Magogoni penyewe panaeleza vizuri. Pale ipo Ikulu, jengo jeupe linalotazama bahari. Zamani ilikuwa nyumba ya gavana wa Kijerumani. Manowari ya Kiingereza iliipiga mizinga mwaka 1914, na Waingereza wakaijenga upya mwaka 1922. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna soko la samaki la Feri na kivuko cha Kigamboni, ambako maelfu ya watu huvuka kila siku, moja ya pantoni zao ikiitwa MV Magogoni. Mchuuzi wa samaki, mama lishe, karani wa benki, wote hupita jirani kabisa na nyumba ya mkuu wa nchi, na hakuna kati yao anayeweza kubisha hodi akamsalimie. Mwezi Mei 2023 Ikulu ya Chamwino, Dodoma, ilizinduliwa rasmi, lakini watu wa mji huu hawajaacha kusema Magogoni wameamua, Magogoni wamekataa. Mtu aliye karibu kiasi hicho, na papo hapo mbali kiasi hicho, ndiye anayetia hamu ya kuigwa. Jirani yako hana haja ya kuigwa, kwa kuwa ukimtaka unamwita.

Fani hii kwetu imejengwa juu ya sauti ya mtu mmoja, Mwalimu Julius Nyerere. Aliongoza hadi mwaka 1985, na katika miaka yote hiyo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo kizazi kizima cha Bara kilimjua kiongozi wake kwa sikio. Redio ilikuwa moja, Redio Tanzania Dar es Salaam, na Mwalimu alipozungumza hapakuwa na picha ya kulisaidia sikio lililoachwa peke yake na pumzi zake. Watu walijifunza namna alivyoshusha sauti karibu na kunong'ona, kisha akaipandisha ikawa nyembamba. Walikijua kicheko chake kifupi. Waliujua mtindo wake wa kuuliza swali, kukaa kimya kidogo, halafu kulijibu mwenyewe kana kwamba jibu limetoka kwa msikilizaji. Mwishoni mwa mwaka 1978, alipotangaza kwamba Idi Amin wa Uganda atapigwa, akitaja uwezo, sababu na nia, nchi nzima ilimsikia kwa wakati mmoja. Hotuba hiyo imebaki kuwa mtihani wa kwanza wa kila mwigaji.

Sifa ya sauti iliyojifunzwa na watu wengi namna hiyo ni kwamba mwigaji hahitaji kuileta yote. Akikupa pumzi ya kwanza, masikio yako yanamalizia. Mtu akiinua kidole, akatulia, halafu akavuta silabi moja, ukumbi umeshacheka kabla neno halijafika. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukosea: huanza kwa kutafuta ukali au wembamba wa sauti, wakati Mwalimu alikuwa katika vituo vyake. Ukishika vituo, hata mwenye sauti nene anaweza kumleta.

Aliyeshika vituo vile kuliko wengi ni Steven Mengele, mwigizaji wa filamu za Bongo. Alimwiga Mwalimu hadi nchi ikambatiza upya; leo jina la Mengele halimtambulishi kwa wengi, lakini ukisema Steve Nyerere kila mtu anamjua. Ni heshima kubwa kwa msanii, na inakuja na mzigo wake. Mwezi Machi 2022 alipotangazwa kuwa msemaji wa Shirikisho la Muziki Tanzania, wanamuziki wengi walipinga kwa hoja kwamba yeye si mtu wa muziki, naye akajiuzulu. Hoja yao ilisimama yenyewe. Lakini mimi niliyatazama yale kama mwalimu wa uigizaji nikaona kitu kingine: mtu aliyefahamika kwa kubeba sauti ya mwingine hupata tabu pale anapoombwa asemee watu kwa sauti yake mwenyewe. Wasikilizaji wamezoea kumsubiri yule mwingine atokee.

Waliofuata Magogoni hawakuigwa kwa kiwango sawa, na tofauti zao zinafundisha. Ali Hassan Mwinyi alikuwa na upole wa Kiunguja, methali na utani wa taratibu. Ni rahisi kumwiga kidogo na vigumu kumwiga kwa muda mrefu, maana utani wake ulihitaji elimu ya lugha ambayo waigaji wengi hawana. Benjamin Mkapa, mwandishi wa habari kitaaluma, alipanga sentensi zake kwa uzito na hakuacha mwanya mkubwa kwa mchekeshaji. Jakaya Kikwete aliingia wakati televisheni zimeenea, kwa hiyo aliigwa kwa sura pia: tabasamu, bega, mkono unaopunga. John Magufuli alileta lafudhi ya Kanda ya Ziwa, ukali wa ghafla, amri zinazotolewa mbele ya kamera kwa mtendaji aliyesimama akitetemeka, na zile pushapu alizopiga jukwaani katika kampeni za 2015. Kila kitu alichofanya kilikuwa kimeshakatwa vipande tayari kwa mwigaji. Rais Samia Suluhu Hassan anahitaji mafunzo mengine kabisa, kwa sababu utulivu hauigwi kwa kuzidisha. Anayetaka kumwiga lazima ajue Kiswahili cha Unguja kutoka ndani, na lazima ajizuie, na kujizuia ndiko wachekeshaji wetu wasikokuzoea.

Sipendi tuzungumze kana kwamba mambo haya yalianza na televisheni. Miaka mia moja iliyopita, katika mitaa hiihii, vijana walicheza beni. Ilikuwa ngoma ya gwaride na tarumbeta, iliyotokea mwambao wa Kenya na kuenea hadi huku, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza makundi mawili yaligawana Dar es Salaam: Marini na Arinoti. Terence Ranger aliandika historia yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Wachezaji walivaa sare, walipanga vyeo vya kijeshi na vya kifalme, wakawa na majenerali na wafalme wao. Kumbuka hali yenyewe: vita imekwisha, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi wamekufa kwa maelfu, Mjerumani ameondoka na Mwingereza ameshika mahali pake. Vijana wa mjini walichagua kuwaiga wale ambao amri yao ilikuwa imeamua nani afe na nani abaki. Watawala hawakukubaliana kama hiyo ni heshima au ni hatari. Nadhani ilikuwa vyote viwili, na imeendelea kuwa vyote viwili hadi leo.

Kenya walipita njia ileile kwa ujasiri zaidi. Daniel arap Moi alitawala kuanzia 1978 hadi 2002, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hakuna aliyethubutu kumwiga hadharani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass lilimleta kwenye televisheni: Walter Mong'are, maarufu Nyambane, akiwa Moi, pamoja na John Kiarie na Tony Njuguna. Aliyekuwa akitajwa kwa kunong'onwa sasa alikuwa akitembea sebuleni kwa watu na rungu mkononi. Wakenya wengi wenye umri wangu watakwambia kwamba siku walipocheka bila kutazama mlangoni ndiyo siku walipojua mambo yanabadilika. Baadaye Nyambane alifanya kazi katika mawasiliano ya Ikulu ya Nairobi, na Kiarie akachaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Nguvu waliyoiazima kwa miaka mingi haikurudi yote kwa wenyewe.

Mwaka 2009 yakaja maonyesho ya vikaragosi ya XYZ, na nyuma yake alikuwa mtoto wa Dar es Salaam: Godfrey Mwampembwa, Gado, mchora katuni aliyezaliwa mjini humu na kuhamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulichorea gazeti la Nation. Kikaragosi kina faida moja juu ya mwigaji wa mwili na damu: mkubwa akikasirika, hakuna uso wa mtu wa kuukamata pale pale. Najiuliza mara kwa mara kwa nini Gado alilazimika kuyafanya hayo ng'ambo ya mpaka, wakati sisi tulikuwa na wasanii wa kutosha. Kundi la Ze Comedy, lililokuja kuitwa Orijino Komedi, akina Masanja, Joti, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu, liliwaiga wakubwa na kuifanya nchi isitoke nyumbani muda wao ukifika. Vipaji havikukosekana. Kilichokosekana ni uhakika kwamba kesho yake utaamka salama.

Idi Amin ni mfano wa pekee, kwa sababu aliigwa zaidi na watu asiowatawala. Uingereza mchekeshaji John Bird alitoa santuri nzima mwaka 1975 akijifanya Amin, na watu walichekea Kiingereza cha Mwafrika kuliko walivyofikiria maiti za Waganda. Mkenya Joseph Olita aliubeba uhusika huo kwa namna nyingine: alimwigiza Amin katika filamu ya mwaka 1981 kuhusu kupanda na kuanguka kwake, akarudia katika Mississippi Masala ya mwaka 1991, na sura ile ikamganda maisha yake yote. Forest Whitaker alipomwigiza katika filamu ya mwaka 2006, alijifunza Kiswahili kwanza, na akapata tuzo ya Oscar. Namsifu kwa hilo, maana alielewa kwamba utisho wa Amin haukuwa katika mwili wake mkubwa tu. Ulikuwa katika urahisi wa kuruka kutoka utani hadi amri ndani ya sentensi moja, na kuruka huko hukusikii vizuri usipoijua lugha anayorukia.

Kwetu, suala la uhakika wa kuamka salama lilikuja kujaribiwa mwezi Oktoba 2019. Idris Sultan, mchekeshaji na mshindi wa Big Brother Africa ya mwaka 2014, aliweka mtandaoni picha mbili zilizobadilishwa nyuso: uso wake kwenye picha ya Rais, na uso wa Rais kwenye picha yake. Ilikuwa ni katika siku ya kuzaliwa ya Magufuli. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alimtaka hadharani aripoti polisi, naye akaripoti, akahojiwa. Kifungu kilichotajwa kilikuwa kile cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinachokataza mtu kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta.

Naomba msomaji atulie hapa, maana hili ndilo linaloniuma. Kujifanya mtu mwingine, katika maana ambayo sheria inapaswa kuijali, ni kumfanya mwenzako aamini kwamba wewe ndiye, ili umchukulie kitu. Kanuni yetu ya Adhabu ililiona hilo zamani: inaweka kosa la kujidai kuwa mtu mwingine, aliye hai au aliyekufa, pale ambapo kuna nia ya kutapeli. Nia ndiyo kitovu. Nani alidhani Idris Sultan ndiye Rais? Nani alimtumia fedha? Mchekeshaji anategemea kwamba unajua wazi kuwa siye. Ukisahau, ameharibu kazi yake. Tapeli anategemea usijue; ukigundua, ameharibu kazi yake. Hawa wawili wanasimama pande mbili za mto, na sheria inayowaweka kapu moja itamkamata yule anayeonekana, ambaye siku zote ni mchekeshaji.

Wakati huohuo yule asiyeonekana anaendelea kuvuna. Majina anayoyachagua yanathibitisha hoja yangu. Marehemu Reginald Mengi, mwenye kampuni za IPP, aliyefariki mwaka 2019, alijulikana kwa kutoa: alialika watu wenye ulemavu chakula, alichangia matibabu, alipanda miti Kilimanjaro. Jina lake likawekwa kwenye kurasa bandia za mikopo. Mohammed Dewji, bilionea wa MeTL, mbunge wa zamani wa Singida Mjini na mwekezaji wa Simba, amepatwa na hayohayo, na amewatahadharisha watu mara nyingi. Zipo kurasa zinazobeba jina na picha ya Rais Samia zikiahidi mikopo kwa kina mama. Tajiri anayejulikana kwa ubahili haibiwi jina. Tapeli hutafuta jina lililokwisha kutoa, kwa sababu anayelisikia ana sababu njema ya kuamini. Ndiyo maana utapeli huu unaharibu zaidi ya fedha: unachukua wema uliokwisha kufanywa na kuugeuza mtego, na mfadhili wa kweli atakapokuja kesho atapokelewa kwa mashaka.

Utaratibu wake wenye biashara Kariakoo wanaujua kwa moyo. Unapata ujumbe kwamba umechaguliwa kupewa mkopo wa milioni kadhaa. Unaambiwa ulipie fomu, au bima, au usajili, kiasi kidogo tu, kwa simu. Ukishatuma, linakuja ombi la pili. Kisha laini inazimwa. Nimewasikiliza wanawake wenye vibanda vya nguo walioliwa hivyo, na kitu walichokirudia ni kwamba ile picha ya mheshimiwa iliwapa haya ya kuuliza maswali. Utamhojije mkubwa aliyekukumbuka?

Na hapa orodha ya wanaoigwa inatushangaza. Jumlisha ujumbe wote wa utapeli unaoingia kwenye simu za Watanzania kwa siku moja, na anayeigwa sana pengine hatakuwa mtu maarufu hata kidogo. Atakuwa mwenye nyumba. Kila mtu mwenye simu amewahi kupata ujumbe unaosema ile hela itumwe kwenye namba nyingine, jina litakalotokea ni la fulani. Hakuna jina la mtumaji, hakuna salamu. Ujumbe huohuo unaenda kwa watu wengi, na kati yao siku zote yupo anayedaiwa kodi ya chumba Buguruni au Manzese, na mwisho wa mwezi umefika. Mwingine anapokea simu ya mtu anayejiita mwalimu: mtoto wako ameanguka shuleni, tuma ya matibabu haraka. Mwenye nyumba na mwalimu hawajawahi kuimba wala kugombea urais. Wana kitu kilekile alichonacho mwenye Magogoni, kwa kipimo kidogo: wakisema, unatii kwanza na kufikiri baadaye.

Vilevile kwa ule ujumbe wa kujiunga na Freemason uje kuwa tajiri. Jumba la Freemason lipo kweli mjini, Barabara ya Sokoine, si mbali na Magogoni, na Sir Andy Chande, aliyekuwa kiongozi wao Afrika Mashariki hadi uzeeni na aliyefariki mwaka 2017, hakujificha. Alizungumza na vyombo vya habari kwa uwazi kuhusu chama chake. Haikusaidia. Watu walikuwa wamekwisha kuamini kwamba ndani ya jumba lile kuna neno linaloweza kumtajirisha mtu, na jina lolote linaloaminiwa hivyo litapata wa kulivaa.

Serikali ilijaribu kufunga mlango. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwezi Mei 2019 na makataa yakafika Januari 2020. Wazo lilikuwa zuri: kila laini iwe na mwenyewe. Lakini kidole nacho kikaazimwa. Mteja aliambiwa na wakala wa barabarani kwamba kidole hakijasoma, rudia tena, rudia tena, na kila kurudia kukawa laini nyingine kwa jina lake. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiutaja mkoa wa Rukwa pamoja na Morogoro kuwa juu kwa namba zinazohusishwa na utapeli, na mamlaka hiyo inataka ujumbe wa aina hii upelekwe kwa namba 15040. Bonyeza *106# leo hii uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Unaweza kukuta kwamba anayeigwa ni wewe.

Hadi sasa mwigaji, mzuri na mbaya, amehitaji kipaji au angalau jitihada. Hilo linakwisha. Programu za akili mnemba zinaweza kuchukua sauti ya mtu iliyorekodiwa na kuifanya iseme sentensi ambayo hakuwahi kuisema. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu na sauti ya Rais Joe Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya awali. Biden hakusema. Aliyeandaa simu hizo alipigwa faini ya dola milioni 6 na tume ya mawasiliano ya nchi hiyo. Kwetu, mwezi Mei 2025, akaunti halisi ya Jeshi la Polisi katika mtandao wa X ilidukuliwa na kutangaza habari ya uongo kwamba Rais amefariki. Hapo hata ile alama ya uthibitisho tunayofundishwa kuitafuta ilikuwepo. Unganisha matukio hayo mawili, sauti ya kutengenezwa juu ya akaunti ya kweli, na utaelewa kwa nini silali vizuri nikifikiria uchaguzi wowote ujao katika Afrika Mashariki.

Na sauti iliyo hatarini kuliko zote hapa nchini ni ileile tuliyoanza nayo. Mashine hujifunza kwa kusikiliza, na hakuna Mtanzania aliyeacha saa nyingi za sauti safi, akiwa peke yake mbele ya kipaza sauti, kuliko Mwalimu Nyerere. Kanda zake zilizotoka Redio Tanzania ziko kwenye shirika la utangazaji la taifa, TBC, na vipande vingi viko mtandaoni kwa yeyote. Uzito wa neno lake haukupungua alipofariki Oktoba 1999. Kila chama na kila upande wa mgogoro humnukuu. Mtu atakayemfanya Mwalimu aseme kuhusu Muungano, au kuhusu mgombea fulani, jambo ambalo hakulisema, atawapata wasikilizaji ambao masikio yao yamefundishwa kumalizia.

Kwa hiyo napendekeza mambo mahususi. TBC itangaze masharti ya matumizi ya kanda hizo, likiwemo katazo la kuzitumia kufundishia mashine izungumze kwa sauti yake. Familia ya Mwalimu kule Butiama ishirikishwe na iwe na haki ya kukataa. Ofisi ya Hakimiliki isimamie, na Bunge likirudi kwenye kile kifungu cha mwaka 2015, liandike ndani yake nia ya kudanganya, ili mchekeshaji anayesimama mbele ya watu kwa jina lake, uso wake ukionekana, asiguswe. Steve Nyerere na vijana wanaokuja nyuma yake waachwe wamwige Mwalimu wapendavyo, Ukumbi wa Diamond Jubilee au kijiweni Msimbazi, kwa sababu wao wapo, wanaitika ukiwaita, na wakikosea wanaulizwa.